Tisini na Moja Si Tasa

Jino la pili la mwanafunzi lilidondoka mezani saa tano kasoro robo asubuhi. Sajini Radi akalisukuma kando kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayeondoa makombo kwenye karatasi.

"Tunaanza upya," alisema. "Ulimpiga Profesa na nini?"

"Sikumpiga."

Kofi lilimzungusha kichwa mpaka shavu likagonga ukuta. Kabla halijafuata la pili, mlango ulifunguliwa, akaingia mwanamke mfupi wa miaka hamsini hivi, bahasha kwapani na miwani imepandishwa kwenye paji la uso. Tangu ajifungue watoto wawili kwa mpigo mmoja, miaka ishirini iliyopita, hakuna mtu kituoni aliyemwita kwa jina lingine ila Mama Pacha. Kwenye makaratasi alikuwa Inspekta wa kesi za mauaji.

"Sajini, toka nje."

"Afande, huyu yuko karibu kukiri."

"Huyu yuko karibu kufa. Toka."

Radi alifuta mikono kwa leso, kidole kimoja kimoja, akatoka bila kufunga mlango. Mama Pacha aliufunga yeye. Akavuta kiti, akakaa, akamtazama kijana aliyekuwa mbele yake.

Chuoni walimwita Mchwa, kwa sababu tangu mwaka wa kwanza alikuwa akitafuna vitabu. Sasa alikuwa anamalizia shahada ya uzamivu chini ya Profesa wa hisabati, na Profesa huyo alikuwa kwenye jokofu la hospitali, fuvu limepasuliwa kwa mapigo matatu. Jana asubuhi, saa nne na dakika chache, Mchwa alionekana akikimbia kwenye ujia wa Idara ya Hisabati, shati limelowa damu. Wanafunzi wenzake hawakumuuliza kitu. Walimshukia kwa miguu ya viti, na walinzi walipomnasua alikuwa hawezi kusimama. Kilichobaki alikimalizia Radi. Silaha haikupatikana. Ila watu sita walikuwa tayari kuapa kwamba siku moja kabla ya kifo, Profesa na mwanafunzi wake walifokeana nusu saa nzima. Na Mkubwa wa kituo alikuwa ameshawaita waandishi wa habari waje saa kumi alasiri.

"Mligombania nini?" aliuliza Mama Pacha.

"Namba." Mchwa alizungumza kwa upande mmoja wa mdomo. "Namba tasa. Zile ambazo hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Tatu, tano, saba, kumi na moja. Zinakuja bila ratiba, Mama. Pengine mbili zimekaa karibu karibu, pengine pengo refu hakuna hata moja. Profesa alitafuta mpangilio wake miaka thelathini. Mwaka huu akasema ameupata."

"Ameupata kweli?"

"Chukua thelathini na moja. Tasa. Weka tatu mbele, mia tatu thelathini na moja. Tasa. Weka tatu nyingine, tasa. Endelea hivyo mpaka namba ya saba, zote tasa. Mtu yeyote angeapa kwamba ndiyo kanuni. Ya nane inagawanyika kwa kumi na saba." Alimeza damu. "Kanuni ya Profesa ilikuwa hivyo hivyo. Ilitembea vizuri mpaka milioni na kitu, ikavunjika. Nilimwonyesha ilipovunjikia. Akanirushia kiti."

"Ukamrudishia."

"Kilinikosa, nikatoka. Amesharusha vikombe, vitabu, hata simu. Tumezoea. Jana nilirudi kumwomba radhi. Nikamkuta chini. Nikamwinua kichwa, nikahisi mfupa unacheza mkononi, nikakimbia kutafuta msaada. Basi."

Mama Pacha alifungua bahasha. Alitoa picha ya ubao wa ofisini kwa Profesa, iliyopigwa na mpiga picha wa polisi dakika arobaini baada ya mwili kugunduliwa. Ubao mzima ulikuwa na namba moja mpaka mia, mistari kumi ya namba kumi kumi, na baadhi zimezungushiwa duara.

"Sajini anasema ulifuta kazi ya marehemu ukaandika yako. Angalia vizuri."

Mchwa aliisogeza picha chini ya jicho lililokuwa bado linafunguka. Alizipitia namba moja moja. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na ilimchukua Mama Pacha muda kuelewa kwamba alikuwa anacheka.

"Nani kaandika upuuzi huu?"

"Kuna kasoro?"

"Tisini na moja! Kaizungushia tisini na moja! Saba mara kumi na tatu. Profesa angekuta hii ubaoni kwake angekufa bila kuguswa." Kidole chake chenye damu kavu kilishuka juu ya picha. "Hamsini na moja, si tasa. Hamsini na saba, si tasa. Sitini na tisa. Themanini na saba. Tisini na tatu. Mama, mtoto wa sekondari anazijua hizi."

Mama Pacha aliziandika kwenye daftari lake, zote sita. Akazitazama. Akajaribu kuzijumlisha, akajaribu kuzisoma kama namba ya simu, kama namba za vyumba.

"Huenda ni ujumbe," alisema. "Huenda marehemu alijua anauawa, akatuachia alama."

"Ukitafuta mpangilio utaupata, hata usipokuwepo. Ndicho kilichompoteza Profesa. Hayo ni makosa tu." Mchwa alivuta pumzi, akajishika ubavu. "Ila makosa nayo yana mwenyewe. Ona. Mpaka hamsini hakuna kosa hata moja. Kuanzia hapo kazungushia kila namba inayoishia na moja, tatu, saba au tisa. Isipokuwa nne: sitini na tatu, sabini na saba, themanini na moja, tisini na tisa. Kwa nini hizo kaziacha?"

"Niambie wewe."

"Zimo kwenye jedwali la kuzidisha. Lile la shule ya msingi, mpaka kumi na mbili. Aliyeandika hapa alikuwa na karatasi ya kunakili iliyoishia hamsini. Ilipomwishia akajitungia kanuni yake, akaondoa zile alizozikariri utotoni. Si mwanahisabati huyu. Hajawahi kuwa."

Mama Pacha alirudisha picha kwenye bahasha taratibu. Alisimama, akafungua mlango. Radi alikuwa ameegemea ukuta, anakunywa chai.

"Mwite daktari. Sasa hivi. Na huyu kijana asiguswe mpaka nirudi. Umenisikia?"

"Nimesikia, afande."

"Rudia."

"Asiguswe."

*

Ofisi ya Profesa ilikuwa mwisho wa ujia wa chini. Aliyeifungua kufuli ya polisi pamoja na Mama Pacha, kama shahidi, alikuwa katibu muhtasi wa idara, mwanamke mnene mwenye macho mekundu kwa kulia. Damu ilikuwa imekauka sakafuni ikawa rangi ya kutu. Harufu yake ilikuwa bado ipo.

Mama Pacha hakuangalia sakafu. Alikwenda moja kwa moja kwenye ubao, akachukua kifutio, akasugua namba moja ya pembeni. Haikutoka. Akasugua kwa nguvu. Ilififia kidogo tu.

"Dada, wewe umekaa na mbao hizi miaka mingi. Chaki gani hii isiyofutika?"

Katibu alisogea. "Chaki ni ileile. Hapo mtu kaandika ubao ukiwa na maji. Ukiandika kwenye ubao uliolowa, ikikauka inang'ang'ania kama rangi." Akasita. "Lakini nani aliosha ubao? Profesa hakuruhusu mtu auguse, hata msafishaji. Alishamfukuza mmoja kwa sababu ya hilo."

"Mtu aliuosha kwa sababu ulikuwa umechafuka." Mama Pacha alipiga magoti. Alipitisha wembe kwenye ufa kati ya ubao na fremu ya chini, akautoa na kuuweka juu ya karatasi nyeupe. Uchafu uliobanduka ulikuwa mwekundu mweusi. "Kichwa kilipigwa hapa, karibu kabisa. Damu ikaruka juu. Muuaji akafuta kwa kitambaa cha maji. Kisha akajikuta na ubao mtupu, safi, ndani ya ofisi ambayo kila mtu anajua ubao wake haufutwi."

"Ndiyo maana akauandika upya," katibu alinong'ona.

Mama Pacha alikunja karatasi, akaiweka kwenye kifuko. Akarudi kutazama mwandiko, uso karibu ugusane na ubao. Saba zote, kuanzia ile ya mstari wa kwanza, zilikuwa zimekatwa katikati kwa kistari.

"Marehemu aliandika saba hivi?"

Katibu alichukua daftari la marehemu mezani, akalifungua popote. Saba zake zilikuwa ndefu, nyembamba, hazina kistari. Za Mchwa, kwenye mswada wa tasnifu yake uliokuwa chini ya daftari hilo, nazo hazikuwa nacho.

Mama Pacha alikaa kwenye kiti cha mgeni kuandika maelezo. Kutoka pale chini aliona kitu ambacho aliyesimama asingekiona. Ukuta wa kulia ulikuwa na rafu mpya za vitabu, bado zinanukia vanishi, na upande wa chini wa rafu ya tatu kulikuwa na kipimo kilichoandikwa kwa penseli ya seremala: 147. Rafu ya nne: 147. Rafu ya tano: 127. Mkataji alikuwa ametia kistari kwenye kila saba ili asije akaisoma moja na kuharibu mbao.

"Nani kazitengeneza?"

"Fundi seremala wa chuo. Kazimaliza wiki iliyopita, alikuwa humu ndani siku kumi na kitu." Katibu alikuwa anapangusa pua. "Ni shemeji yake Profesa. Kaka yake mkewe."

"Walielewana?"

Katibu alilirudisha daftari juu ya mswada, akazilinganisha kingo zake.

"Dada," alisema Mama Pacha, "kuna kijana ng'ambo ya mji anang'olewa meno."

Katibu alikaa. Alianza kuongea akiangalia mikono yake. "Marehemu alikuwa na mzaha mmoja. Kila tukiwa na wageni lazima autoe. Anasema, mimi ninaishi na tasa wa aina mbili, mchana wako ubaoni, usiku yuko kitandani. Watu wanacheka. Mkewe anakuwepo hapohapo, anagawa vinywaji. Wiki iliyopita aliusema humu ndani, fundi yuko juu ya ngazi anapigilia rafu. Mimi nilikuwa mlangoni na barua." Akainua macho. "Huyo mama si tasa. Mimi nilimpeleka hospitali mwenyewe. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Alisema kaanguka bafuni. Lakini tumboni alikuwa na alama ya kisigino cha kiatu, Inspekta. Niliiona. Tangu siku hiyo hakushika tena mimba."

"Ulimwambia nani?"

"Miaka yote sikumwambia mtu. Juzi ndiyo nilimwambia kaka yake. Aliniuliza kama wewe unavyoniuliza."

*

Karakana ya chuo ilikuwa nyuma ya jengo la mabweni. Msumeno wa umeme ulikuwa unalia, na vumbi la mbao lilielea kwenye mwanga wa madirisha. Fundi alikuwa peke yake, mtu mrefu mwenye mikono iliyokakamaa kama kamba, kitambaa cheusi cha msiba kimefungwa mkononi. Alizima msumeno alipomwona mgeni.

"Pole na msiba," alisema Mama Pacha.

"Tumeshapoa."

"Nimeambiwa wewe ndiye fundi wa rafu. Nataka moja ya nyumbani. Niandikie vipimo nisije nikasahau."

Fundi alitoa penseli sikioni na kuokota kipande cha mbao. "Sema."

"Urefu sentimita mia moja sabini na saba. Upana ishirini na saba."

Aliandika. Penseli ilikwenda haraka, kwa mazoea ya miaka, na kila saba ilipata kistari chake. Mama Pacha wakati huo alikuwa anaangalia meza ya kazi. Patasi zilikuwa zimepangwa kwa ukubwa, randa mbili, gundi, na mwishoni nyundo ya mbao, ile ya kugongea patasi. Kichwa chake kilikuwa kinang'aa.

"Nyundo nzuri," alisema. "Sijawahi kuona mtu anapaka nyundo vanishi."

Fundi alirudisha penseli sikioni. Mama Pacha aliiweka picha ya ubao kando ya kipande cha mbao, saba kando ya saba.

"Daktari aliyempasua marehemu alitoa vibanzi vya mbao ngumu kwenye fuvu," alisema. "Ukiikwangua hiyo vanishi, chini yake tutakuta nini, kaka?"

Patasi ilimpata kabla hajamaliza neno. Ilipasua mkono wa koti kutoka kiwikoni mpaka karibu na kifundo, na damu ikaruka juu ya picha. Alianguka chali kwenye rundo la maranda. Fundi alimrukia, goti likamtua kifuani, patasi ikapanda tena. Mama Pacha alikusanya vumbi la mbao kwa mkono mzima na kumrushia machoni. Patasi ilishuka kipofu, ikajikita kwenye mguu wa meza, sentimita mbili kutoka sikioni kwake. Alipapasa, akashika nyundo iliyokuwa imeanguka, akampiga nayo kwenye kiwiko. Mfupa ulilia kama tawi kavu. Akampiga tena, begani. Fundi aliporomoka upande, na kabla hajapata pumzi, pingu zilikuwa zimeshafunga mkono mzima na mkono uliovunjika pamoja.

Kwa muda hawakufanya lolote ila kuhema, wote wawili wameketi sakafuni.

"Sikukusudia kukuua wewe," alisema fundi.

"Na yeye?"

"Yeye nilimkusudia." Macho yalikuwa yanamtoka machozi ya vumbi. "Nilimwendea saa tatu. Nikamuuliza kuhusu mimba ya dada yangu. Akageukia ubao wake, akaendelea kuandika, ananiambia nisimpotezee hesabu. Nikampiga. Akashika ubao asianguke. Nikampiga tena. La tatu halikuwa na haja, lakini nililipiga."

"Kisha ukaosha."

"Damu ilikuwa juu ya namba zake zote. Mezani kulikuwa na karatasi yenye namba zimezungushiwa, nikanakili. Ikaishia hamsini. Nilimsikia siku kumi na kitu akiongea na namba zake, nikadhani nimeelewa. Nilikosea wapi?"

"Tisini na moja. Saba mara kumi na tatu."

Fundi aliinamisha kichwa, midomo ikisogea, anazidisha. Alipofika kwenye jibu alitikisa kichwa polepole.

"Dada yako anajua?"

"Hajui. Na kijana mliyemkamata, mwachieni. Nilitaka nije mwenyewe baada ya mazishi. Nilitaka tu nimzike yule mtu kwanza, dada asisimame peke yake kaburini."

"Ungekuja jana," alisema Mama Pacha. Alifunga mkono wake kwa kitambaa cha msiba alichokifungua mkononi mwa fundi, akamwinua kwa ukosi.

*

Saa tisa na nusu walikuwa kituoni. Nje ya uzio waandishi walishaanza kupanga kamera. Mama Pacha alimpitisha fundi mlango wa nyuma, damu ikimdondoka vidoleni, akaelekea moja kwa moja kwenye chumba cha mahojiano. Mlango ulikuwa wazi.

Radi alikuwa amekaa kwenye kona ya meza, mikono ya shati imekunjwa, anapuliza wino kwenye karatasi ili ukauke. Mchwa alikuwa kwenye kiti chake, kichwa kimelala mezani upande, kidole gumba cheusi kwa wino. Jicho lililokuwa likifunguka asubuhi lilikuwa wazi bado. Halikupepesa.

Mama Pacha alimwendea, akaweka vidole viwili shingoni mwake. Akavihamisha. Akavihamisha tena.

"Daktari yuko wapi?"

"Mkubwa alipiga simu, afande. Alitaka jibu kabla ya saa kumi." Radi aliinua karatasi kwa uangalifu, asiuchafue wino. "Kalala tu, amechoka. Lakini kazi imekwisha."

Fundi alikuwa amesimama mlangoni na mkono wake uliovunjika, anamwangalia kijana.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Huyu?" Radi alimgeukia, uso umechangamka. "Huyu ndiye aliyemuua Profesa. Amekiri kila kitu, na dole gumba lake hili hapa."

Fundi aliteleza ukutani mpaka akakaa chini, na sauti iliyomtoka haikuwa ya kulia wala ya kuongea.

Mama Pacha aliichukua karatasi mkononi mwa Radi, akaisoma yote, mstari kwa mstari, mpaka pale chini kwenye alama ya kidole na saa iliyoandikwa pembeni: saa tisa na dakika tano. Akaikunja, akaitia kwenye kifuko cha vielelezo, akaandika juu yake tarehe na jina lake kamili. Kisha akainama kwa fundi, akafungua pingu kwenye mkono uliovunjika, ule mwingine akauacha umefungwa.

"Sajini, leta mkono."

Radi alicheka. "Afande?"

"Vua mkanda, weka bastola mezani, leta mkono."

Radi alimtazama, akatazama mlangoni ambako askari wawili wa zamu walikuwa wamesimama, wakimtazama Mchwa. Hakuna kati yao aliyesogea kumsaidia. Kicheko kilimkauka. Mkanda ulianguka sakafuni kwanza, kisha bastola ikawekwa juu ya meza, na Mama Pacha akaifunga pingu iliyokuwa wazi kwenye kifundo cha mkono wa Sajini Radi, mfupa kwa mfupa na yule fundi aliyekuwa chini.

"Mmoja wenu ameua saa tatu jana," alisema, "na mwingine saa tisa leo. Yupo mtu wa kumwambia Mkubwa, au niende mwenyewe?"

Askari wa zamu walipisha njia. Alitoka na mkono wake unaovuja, akapita mbele ya ofisi ya Mkubwa bila kubisha, akafungua mlango wa mbele wa kituo, na kusimama mbele ya kamera dakika ishirini kabla ya wakati.